Bastola ya Mtu Mnene

Bastola ya kwanza ilizama kwenye kitambi cha Wendell, ikapotea.

"Umeiweka wapi?" aliuliza Clete, muuzaji, akichungulia juu ya meza ya kioo.

"Imo humu. Inanifinya ubavu."

"Kikulacho ki nguoni mwako, mkubwa."

Wakacheka wote wawili, ila Wendell alicheka kwa mdomo tu.

Wendell Stovall alikuwa na uzito wa ratili mia tatu na thelathini, na asubuhi ile kila ratili ilikuwa ikitoka jasho. Mtu mnene kuficha bastola ni kazi, asikudanganye mtu. Ukiiweka mbele, ukikaa inakuchoma kinena. Ukiiweka mgongoni, mkono haufiki. Mguuni ndiyo usiseme: mtu asiyefikia kamba za viatu vyake, bastola ataifikiaje? Kwa hiyo walijaribu na ile ya plastiki ya buluu, ya mazoezi, Clete akimzunguka kama fundi cherehani anayempima bwana harusi, mikono yake ndani ya glavu nyembamba za pamba.

"Glavu za nini na joto lote hili?"

"Jasho langu lina chumvi. Nikigusa chuma leo, kesho kina kutu. Mzee Harlan atanitimua, na hata mwezi sijamaliza hapa."

Mzee Harlan, mwenye duka, alikuwa amekwenda kuvua samaki. Hilo ndilo duka pekee la silaha katika kaunti yetu yote, na Oklahoma ni pana, jirani wa pili yuko mbali.

"Sasa niambie ukweli," Clete alisema. "Wenzako huja hapa wakichekacheka. Wewe tangu uingie unatazama mlango. Unataka kumuua nani?"

Wendell aliutazama tena mlango. Lakini jambo lilikuwa limemjaa kifuani muda mrefu, na huyu kijana alikuwa na macho ya upole.

"Sitaki kumuua mtu. Nataka mke wangu apate usingizi."

Akamweleza. Noreen alikuwa amekimbia kutoka Louisiana na nguo za mwilini tu, na mumewe wa zamani akaapa kwamba atamfuata popote na kummaliza. Mwezi uliopita dada yake Noreen aliropoka mbele ya watu, akataja jina la kaunti. Nyumba hakuitaja, maana hata yeye haijui. Barua zao ziliingia sanduku la posta, umeme ulikuwa kwa jina la binamu, na mchungaji mwenyewe hakuwahi kuonyeshwa mlango wao.

"Sura ya huyo bwana unaijua?"

"Noreen alichoma picha zote. Kwa nini?"

"Usije ukampiga risasi mleta barua wa watu, mkubwa."

Safari hii Wendell alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Noreen anasema sitakosea. Siku ya mwisho alimng'ata kidole kile kidogo, akakinyofoa chote."

"Lo! Mwanamke huyo bastola ya nini tena?" Clete alisema, akainama chini ya meza kutafuta ala nyingine ya kutilia bastola.

Alipoinuka alikuwa na yenyewe. Ngozi pana isiyokata nyama, inakaa nyuma kidogo ya nyonga ya kulia, na mkanda mgumu wa kuibeba. Wendell akakaa. Akainuka. Akainama kadiri alivyoweza. Chini ya shati hakikuonekana kitu, na alipoichomoa ile ya plastiki ilitoka bila kukwama. Aliona raha mpaka machozi yakamlenga.

"Hii hii," alisema.

Clete akamletea fomu ya serikali ya mnunuzi wa silaha. Huku kwetu wanaume huijaza fomu hiyo wakipiga soga, wameizoea tangu ujana. Wendell akaandika jina, akaandika sanduku la posta, akairudisha. Clete akaisukuma tena kwake.

"Sanduku hawakubali. Wanataka mahali unapolala. Namba ya nyumba, barabara, vyote."

Kalamu ikasita. "Nani anaisoma hii?"

"Mimi na kabati la Mzee Harlan. Sheria hiyo, mkubwa, mimi natumwa tu."

Basi Wendell, aliyemficha hata mchungaji, akaiandika nyumba yake kwa herufi kubwa zinazosomeka, maana fomu ni fomu.

Clete akanyanyua simu ya ukutani, akasoma jina na namba ya kitambulisho, akasikiliza. "Ndiyo. Ndiyo, bibi. Sawa." Akairudisha simu polepole.

"Wakaguzi wa serikali wanasema tusubiri. Siku tatu."

"Siku tatu! Nimeiba kuku wa nani mimi?"

"Labda kuna Stovall mwingine mkorofi mahali fulani. Hutokea sana. Nitakuwekea hapa, hakuna atakayeigusa."

Wendell aliushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hofu ilimrudia yote, na safari hii ilikuja na uchovu. "Leo naingia zamu saa nane mchana, kule kwenye maghala ya ngano. Anabaki peke yake."

"Mwambie afunge milango," Clete alisema taratibu. "Siku tatu si nyingi, kaka."

Wendell akamshukuru kwa dhati, akampa mkono, akatoka akijivuta mpaka kwenye pikapu yake. Clete alisimama dirishani mpaka vumbi likatulia barabarani.

Akakigeuza kibao cha mlangoni kisomeke TUMEFUNGA. Akauchomeka ukutani waya wa simu, uliokuwa ukining'inia tangu asubuhi. Akaikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni, kisha akavua glavu ya kushoto na kuitupa juu ya kioo. Kidole kidogo cha glavu kilibaki kimesimama, kimeshindiliwa pamba.