Meza Isiyopita Mlangoni

Mkangazi wa uani ulipoangushwa na upepo, Bi Namkunda alikataa kuuza gogo lake. Alilipasua mwenyewe kwa msumeno, ubao mmoja baada ya mwingine, akazipanga mbao sebuleni zikauke. Alikuwa mwalimu mstaafu, hajawahi kupigilia hata msumari. Mwaka uliofuata akaanza kuunda humo humo sebuleni meza ya binti yake, Naelijwa, aliyeolewa mji wa mbali na ambaye hakuwa amekanyaga nyumbani kwa miaka sita.

Siku gari lilipokuja kuichukua, meza ilikataa kutoka. Dereva na mwenzake waliilaza ubavu, wakaipindua juu chini, lakini mlango ulipungua upana wa vidole vinne.

"Mama, tuikate miguu," dereva alisema huku akijifuta jasho. "Huko ataiunga."

"Miguu nimeichomeka na kuitia gundi, mwanangu. Ukiikata, meza imekwisha."

"Sasa mwenye meza nimwambie nini?"

Namkunda aliutazama mlango ambao hakuwahi kufikiria kuupima. Aibu ilimpanda, kisha kitu kingine kikaja na kumtuliza moyo.

"Mwambie meza yake iko tayari, ila haipiti mlangoni. Kama anaitaka, aje ale chakula juu yake humu humu."

Gari lilipoondoka, nyumba ilirudia kimya chake. Namkunda alipitisha kiganja juu ya meza, upande wa dirishani, akahisi ubao bado unakwaruza. Akatafuta kipande cha msasa, akapiga magoti, akaanza kulainisha ukingo pale ambapo mtu angeegemeza mikono.