Nafasi ya Nyota

Yekoniya, dereva wa familia, alikuwa juu ya ngazi ameshika kuti la mwisho alipoliona tundu kwenye paa la makuti: kipande cha anga la mtaa wa Mirdif, kisichozidi kiganja.

Chini yake kibanda kilielea katika mwanga wa alasiri. Minyororo ya karatasi ilipumua taratibu. Makomamanga aliyoyatunga Madam, mwajiri wake, yalizunguka kwenye nyuzi, mazito, mekundu, kama yanaota.

"Kibanda ni cha bethdei ya mtoto," Madam alikuwa amemwambia asubuhi, bila kumtazama.

Bethdei! Kwao Mbale, kila baada ya mavuno, baba yake, Myahudi mwenye jembe, alijenga kibanda kama hiki kwa majani ya migomba, wakila humo siku saba za sikukuu, paa likiachiwa mianya ili nyota zionekane. Hapa Dubai hakuwa amemwambia mtu. Dereva huulizwa leseni tu.

"Ziba na hapo, majirani wasione," Madam alisema, akikata karatasi. "Halafu khalas, tumemaliza."

Kuti likamlemea mkononi. Akaliteremsha.

"Madam, tukiziba, usiku nyota tutazionea wapi?"

Madam akauweka mkasi chini, akamtazama kwa mara ya kwanza. Komamanga moja likazunguka, likazunguka, hadi uzi ukatulia.

"Yekoniya," Madam alinong'ona, "kwenu ni wapi?"