Mbu wa Daktari Sikudhani

Daktari Sikudhani alirudi kutoka hospitali ya vitani akiamini kwamba mbu wake wameshakufa. Miaka sita alikuwa amewafuga akitafuta dawa ya malaria, akiwalisha damu ya sungura wa maabara. Sasa vibanda vya sungura vilikuwa vitupu.

"Tuliwala, dada. Njaa ilituzidi," alisema Daktari Mbaruku, mtafiti mwenzake, bila kuinua macho.

Sikudhani akafunua kizimba cha wavu. Mbu walikuwa hai, tena tele.

Akamgeukia Mbaruku, aliyevaa koti la mikono mirefu kwenye joto lile. Akamshika mkono, akapandisha mkono wa koti. Vipele vilijaa tangu kiganjani hadi juu ya kiwiko.

"Kila siku?"

"Ila siku mbili nilizoshikwa na homa, nikaogopa kuwaambukiza. Unisamehe."

"Si wewe uliyesema utafiti wangu ni ndoto?"

"Bado nasema. Lakini mbu wakifa, nitabishana na nani?"

Sikudhani alivuta kiti kando ya Mbaruku, akakunja mkono wa gauni, na mikono yao miwili ikaingia kizimbani pamoja. Mbu wakanyanyuka, wakazunguka, wasijue watue wapi kwanza.