Cherehani ya Anayeanza

Ndani ya droo ya cherehani mlikuwa na mende watatu, wawili wamekufa. Wa tatu alitoka taratibu, akapanda kidole cha mama mkwe.

Mama mkwe alikung'uta mkono, akasonya. "Na hii ndiyo mnayoiita ya bei nafuu?"

Lilikuwa duka la tano. Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alisimama pembeni na mfuko mkononi. Darasa la ushonaji lilikuwa linaanza kesho saa tatu asubuhi, na asiyefika na cherehani yake, nafasi anapewa mwingine. Waliokuwa wakiisubiri ni wengi.

Miaka saba mama mkwe alikuwa akisema ushonaji ni kazi ya walioshindwa shule. Leo alikuwa anazunguka madukani tangu asubuhi, uso kaukunja.

Za umeme, zile zinazotia maua, bei zake hazishikiki. Zilizobaki zilikuwa uchafu mtupu. Grisi nyeusi ilikuwa imegandamana na nywele za watu, na kwenye droo moja mtu alikuwa ameacha kucha zake za miguu. Mama mkwe aliisukuma droo ile kwa kiwiko.

Muuzaji alilamba uzi, akaufinya kwa midomo, akautia kwenye tundu la sindano. Mate yalibaki yananing'inia. Mama mkwe akatazama ukutani.

"Usiogope, dada," muuzaji alimwambia mkwe. "Wote wanaoanza huogopa. Hii ya miguu itakufaa, maana mwendo unaupanga mwenyewe."

Mkwe alikanyaga kidogo. Mshono ulitoka umenyooka.

"Kumbe una mkono mzuri. Mwalimu wenu si yule mwanamke wa ghorofani? Nasikia mkali kama pilipili."

"Wanafunzi wanalalamika," mkwe alijibu, akichungulia mkanda.

"Hana haya," mama mkwe alidakia. "Watu wazima anawawekea masharti kama watoto wa chekechea."

Mkwe aliigeukia cherehani. Aliinua kichwa chake cha chuma, akachunguza chini, akalizungusha gurudumu mara mbili.

"Tuchukue hii, Mama. Haina mambo mengi, na vipuri vyake vipo kila mahali. Uchafu utatoka kwa mafuta ya taa."

"Na ile harufu?"

"Nayo itatoka."

Mama mkwe alilipa akiwa ameshika noti kwa ncha za vidole. Cherehani ilipakiwa kwenye mkokoteni, na njia nzima alitembea hatua tatu mbele, asionekane yuko pamoja na kile kitu.

Kesho yake, saa tatu kamili, mkwe alifunga mlango wa darasa, akaokota chaki, akawageukia wanafunzi wake wapya.

"Mama," alimwambia mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele nyuma ya ile cherehani ya jana, "toa mguu kwenye pedali mpaka nikuruhusu."