Bahasha ya Chuo cha Udaktari

"Mtoto kashapata nafasi ya udaktari, bado anakeshea vitabu vya nini?" jirani aliwahi kumuuliza Bi Mgeni, siku ya dua ya shukrani, akinawa mikono baada ya pilau. Bi Mgeni alicheka. Tangu hapo hakumhimiza tena binti yake, Shufaa, kushika daftari.

Leo mama na binti walikaa mbele ya mwalimu mkuu. Chuo kilikuwa kimeleta fomu ya kujazwa alama za mwaka wa mwisho. Zikishuka, nafasi angepewa mwingine.

"Kemia ilikuwa A," mwalimu alisema. "Sasa ni D."

"Alikuwa anapokea wageni wa hongera, mwalimu. Kila jioni!"

"Hongera zilitangulia mtihani, mama."

Bi Mgeni alisogeza kiti. Sauti ilimshuka. "Baba, kalamu si iko mkononi mwako? Iandike B. Nani atajua?"

Mwalimu hakukataa. Aliitazama fomu, akaitazama kalamu, akaifungua kifuniko.

"Usimwombe hivyo, mama," Shufaa alisema. "Kuna siku nitapewa mtu nimpimie dawa."

Akaivuta fomu kama ilivyo, D ikiwa pale pale, akaitia kwenye bahasha ya chuo iliyokuwa mezani na kuilamba gundi.

"Unaipeleka wapi, Shufaa? Mwanangu, ngoja kwanza tumwombe Mungu!"

Shufaa aliikumbatia bahasha kifuani kwa mikono miwili, akausukuma mlango kwa bega, akatoka kuelekea posta.