Namba ya Kwanza

"Namba ya kwanza niweke ya nani, mama?" fundi aliuliza kutoka juu ya ngazi.

"Weka ya kitinda mimba wangu."

Binti mkubwa alikuwa anatoka jikoni na sinia la chai. Vikombe vikagongana.

Kitinda mimba mwenyewe alikuwa anaishi nchi nyingine, safari ya ndege. Mama akataja namba ya pili, ya kituo cha polisi, na ya tatu, ya jirani wa mkabala, askari mstaafu. Fundi akasubiri ya nne.

"Zinatosha," mama akasema.

"Na yangu je?" Binti mkubwa alijaribu kucheka. "Mimi ninayekaa mtaa wa pili?"

"Wewe hapana," mama akajibu huku akipuliza chai. "Wewe nakujua."

Fundi alikuwa amewaeleza mapema ni mitambo gani ya kuzuia wezi ingefaa. Simu ya waya nyumba ile haikuwa nayo tena tangu nyaya za mtaa mzima zilipong'olewa, kwa hiyo mtambo wa zamani unaopiga kwa waya usingefanya kazi. Kulikuwa na wa intaneti, lakini mama intaneti hana wala haitaki. Kulikuwa na king'ora kitupu, cha kulia mpaka majirani watoke. Mama akasema kelele hizo zitamuua yeye kabla ya mwizi. Ukabaki mtambo unaotiwa laini, kama simu ya mkononi. Mlango ukivunjwa, wenyewe unapiga simu kimyakimya, na mama anajifungia chumbani kusubiri.

"Unaanza na namba ya kwanza," fundi alisema. "Isipopokelewa, unapiga ya pili, halafu ya tatu. Ikipokelewa unanyamaza, maana mtu keshajua. Na siku ukitaka kubadilisha namba, unautumia mtambo ujumbe tu, ukianza na namba yako ya siri."

Binti mkubwa alirudi kwake. Alimsimulia mumewe mpaka mume akahamia barazani na redio yake.

"Nani anamfulia?" alimfuata kwa sauti. "Nani anampeleka kliniki? Siku jiko liliposhika moto, nani alitoka hapa mbio, peku, akaingia kwenye moshi bila kuuliza mtu, akatoka na kovu hili? Mwenzangu alituma picha ya ua!"

"Kweli kabisa, mke wangu," akajibiwa kutoka barazani.

Wivu haukumwacha ale wala ashone. Kesho yake akaenda kumwogesha mama, akamkanda miguu, na mama muda wote akawa anasifia jinsi kitinda mimba alivyo mtulivu, haparamii mambo, kila kitu anakifikiria kwanza. Roho ilimuuma binti mkubwa mpaka akamkanda kwa nguvu kupita kiasi.

Mama aliposinzia, akatoa simu yake na kuuandikia ule mtambo, kwa namba ya laini ambayo fundi aliibandika juu yake. Namba ya siri hakuijua, lakini alijua pa kuitafuta. Akaandika mwaka aliozaliwa kitinda mimba. Ukakataliwa. Akaandika mwaka wa kwake, basi tu. Ukakubaliwa.

Hilo lilimgusa kidogo. Lakini kidole kilikuwa kimeshaanza kazi, na kabla mama hajaamka, namba ya kwanza ilikuwa yake.

Wiki haikuisha. Alikuwa dukani kwake, anampima mteja gauni la harusi, pini mdomoni, simu ikaita. Akapokea mara moja. Ilikuwa sauti ya mwanamke asiye na haraka yoyote: "Mlango wa nyuma umefunguliwa. Mlango wa nyuma umefunguliwa."

Aibu iliyoje, kilichotangulia ni furaha. Nimepigiwa mimi, alijiambia. Kisha hofu ikamshika, akatoka mbio na mkasi mkononi, akamwacha bibi harusi na mkono mmoja wa gauni.

Hakumpigia mtu. Muda wa kumpigia mtu angeupata wapi? Alikata uchochoroni, viatu vikamvuka, hakuvirudia. Kwa jirani, askari mstaafu, redio ilikuwa inatangaza mpira. Alipita bila kugonga. Leo mama ataona mwenyewe nani wa kwanza.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, kitasa kimening'inia. Akaingia. Droo za kabati zilikuwa sakafuni, na televisheni imefungwa vizuri kwenye shuka la mama, tayari kubebwa. Hapakuwa na sauti. Wamekimbia, aliwaza, wamenisikia. Akashusha mkasi.

Simu ikatetemeka mkononi. Mama.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "leo usipite kwangu. Wezi wamo ndani. Mimi nimejifungia chumbani, usiwe na wasiwasi. Mdogo wako huko aliko hawezi kuja, kwa hiyo atakuwa ametulia na keshawaita polisi. Wewe kaa huko huko dukani, tafadhali. Namba yako niliikataa kwa sababu hii hii, mwanangu. Nilijua ungekuja."

Nyuma ya binti mkubwa mlango ukarudishwa taratibu, na komeo likasukumwa.