Mkono kwenye Faharasa

Mwanahawa alikuwa akimalizia faharasa ya mwongozo wa pampu za maji. Kila neno aliliunganisha na ukurasa wake, ili fundi mwenye haraka akilibonyeza tu kwenye simu, afike.

"Dada Mwanahawa," msimamizi wake alisema nyuma yake, "hili neno 'mkono' la nini? Fundi gani atatafuta mkono?"

"Samahani, bosi. Nalitoa."

Akalifuta. Mahali pake akaandika: "Koki kuu, namna ya kuishika."

"Hapo sawa," alisema msimamizi, akaenda zake.

Mwanahawa akabonyeza kujaribu. Picha ikafunguka: mkono wa marehemu mumewe, kucha zimejaa grisi, umeishika koki kana kwamba unataka kuifungua.

Akaufunika kwa kiganja chake. Kioo kilikuwa na joto.